Sindano Ndani ya Shuka

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka ng'ambo, ufukwe wetu wa Ujiji ulijaa vitu walivyoviacha: magodoro yaliyolowa, masufuria yaliyotoboka, nguo za watoto. Walipokwisha kupelekwa kambini na hema la matibabu likang'olewa, balozi wetu wa nyumba kumi alituomba kina mama tujitolee kusafisha. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Nikaona ndiyo nafasi ya kujuana na wenzangu wa mtaa.

"Msije na ndala," balozi alituambia. "Na mkiona kitu cha hospitali, msikiguse. Niiteni."

Nilivaa raba za mume wangu, mbele nimezijaza vitambaa. Glovu hazikuwapo, kwa hiyo mikononi nilifunga mifuko ya nailoni. Nilipovuta shuka lililofukiwa na mchanga, kitu kikanichoma chini ya kidole gumba. Ndani ya mikunjo kulikuwa na sindano, na kwenye bomba lake damu iliyokauka.

Wenzangu wakarudi nyuma. Mmoja akasema, "Za wakimbizi hizo. Zina ule ugonjwa."

Balozi hakurudi nyuma. Alinimiminia maji ya dumu, nikanawa kwa sabuni ya mche muda mrefu. "Usikamue, wala usinyonye," alisema. Akaitia ile sindano ndani ya kopo kwa kijiti, kisha akanipeleka zahanati.

Nesi aliniuliza mambo yangu mlango ukiwa wazi. "Tutakupima sasa, na tena baada ya miezi mitatu," alisema kwa sauti ya kuita wagonjwa. "Mpaka hapo, wewe na mumeo mtumie kinga." Benchi zima likageuka. Nilitoka nimejifunika khanga mpaka puani, kama mtu aliyefumaniwa.

Nyumbani nilikuta mama mkwe amekwisha kunitengea sahani yangu peke yake. Mume wangu alipotoka kuvua dagaa, nilisimama nimempa mgongo, nikatafuta pa kuanzia.

"Nimeshasikia mwaloni, tukishusha dagaa," alisema. "Nilitaka nisikie kwako."

"Naona aibu."

"Umeiba?"

Akanishika mkono, akakitazama kile kitundu kidogo ambacho hata hakikuonekana vizuri tena.

Bombani, kina mama walianza kunipisha nichote kwanza. Siku ya kwanza niliwashukuru, nikidhani ni heshima kwa mtu aliyeumia. Baadaye nikaona kwamba nikiondoka, wanasuuza bomba kabla ya kutega ndoo zao. Nikikumbuka nilivyowashukuru huku nikitabasamu, hadi leo uso unaniwaka.

Balozi alipoitisha usafi mwingine, alikuja na vijiti virefu vya kuinulia taka na kopo lenye mfuniko la vitu vyenye ncha kali. Wengine aliwapanga wawili wawili. Mimi akaniweka mwisho wa ufukwe, peke yangu.

"Kwa usalama," alisema, akiangalia ziwa. Wa nani, hakusema. Nikaokota taka zangu huko mwisho mpaka wenzangu walipoondoka.

Miezi ilipotimia, nesi yule yule alifunga mlango. Akaniinamia, akanong'ona, "Huna kitu, mama. Uko salama."

Nilitamani aufungue mlango aseme kama alivyosema mara ile, benchi lisikie. Nikashindwa kumwomba. Na njiani nikawaza, sasa nitagonga mlango gani, nijitangaze kwamba mimi ni mzima?

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka akichambua dagaa. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia majibu.

"Alhamdulillahi," alisema, bila kuinua macho. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Kisha akajisogeza, akanipa nafasi mkekani.

Niliketi. Tukachambua pamoja, bega kwa bega, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.