Mfuko wa Simu

Makipa tuna mdomo, na mimi nisingekuwa nao nisingedumu langoni. Lakini mbele ya kapteni wetu wa kwanza nilinyamaza kama wengine. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyeamua nani akae wapi, nani apige stori na nani afunge domo. Mgeni akijifanya staa, anatumwa maji. Ukikosea uwanjani anakusema mpaka unatamani ardhi ipasuke, halafu jioni anakupitia kwako mtaa wa Soweto, hapa Mbeya, mkale chipsi, anakutania kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimpenda yule bwana, sitaki kudanganya. Timu nzima ilimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Kabla ya mechi alikuwa anapita na mfuko wa viatu, kila mmoja anatumbukiza simu yake humo. Tunarudishiwa mechi ikiisha. Ikiita kabla hatujaingia uwanjani, anapokea yeye.

Siku moja, tukiwa nyumbani Mbeya, iliita simu ya beki wetu wa kati. Alikuwa mtoto wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini, mpole, rafiki yangu. Kaka yake alimwambia kapteni baba amezidiwa, kijana aje. Sasa, huku kwetu mtu hapewi msiba kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, ili afike kwanza, apewe habari akiwa ameshikwa na watu. Kila mtu anaujua utaratibu huo. Kapteni akaona mzee keshaondoka, hakuna tena cha kuwahi, basi acha kijana acheze kwa amani, tutampeleka wenyewe baada ya mechi. Hakuwa na roho mbaya. Wengi wetu tungefanya hivyohivyo.

Rafiki yangu alifunga kwa kichwa, akakimbilia jukwaani, akacheza ngoma ya kwao mpaka mwamuzi akamwonya. Tulipofika Usangu tulikuta mzee amekata roho jioni ileile. Mchana alikuwa hai, anamuulizia. Safari hiyo kaka mtu hakuwa anaficha kitu. Alisema baba amezidiwa kwa sababu baba alikuwa amezidiwa.

Mimi ningevunja viti. Yeye alimzika baba yake, akarudi kambini, akampa kapteni mkono kama kawaida. Hilo liliniuma kuliko kama angegombana.

Baadaye magoti ya kapteni yalichoka, akafanywa msaidizi wa kocha, na kitambaa tukampa rafiki yangu. Huyu hakupiga kelele. Alikaa karibu na mlango, kwenye benchi bovu ambalo hakuna aliyelitaka. Anakuuliza umelalaje, na anasubiri jibu kwelikweli. Wenzetu walisema tumepewa mchungaji badala ya kapteni. Hata mimi kuna siku alinichosha, maana tukifungwa nataka mtu wa kufoka. Mfuko wa simu aliendelea nao, ila aliuacha wazi mezani, na simu ya mtu ikiita, mwenyewe anaambiwa.

Mechi ya mwisho ya msimu tulikuwa Iringa. Sare tu ilitutosha tusishuke daraja. Kipa wa pili alikuwa amevunjika mkono, kwa hiyo golini nilikuwa peke yangu. Nikiwa nje napasha mwili, simu yangu iliita ndani ya mfuko. Alikuwa dada yangu, kutoka nyumbani kwetu Mbalizi. Mama amezidiwa, nije.

Yaliyosemwa mle ndani nilisimuliwa baadaye. Kapteni wa zamani alisema neno hilo tunalijua wote, kijana adake kwanza, tutampeleka mechi ikiisha. Kocha akakubali. Rafiki yangu alisema, "Hata la kwangu mlilijua." Akatoka na simu yangu mkononi.

Alinikuta langoni.

"Dada yako anasema mama amezidiwa. Kama yupo hai sijui. Ukibaki sikulaumu, ukienda sikulaumu. Ila mimi sikuulizwa."

Nilimkasirikia, tena sana. Yule wa kwanza angeubeba mzigo huo mwenyewe, mimi nikadaka bila kujua. Huyu aliniachia mimi, timu nzima ikinitazama. Nilivua glovu nikamtupia. Alizivaa yeye, na jezi yangu ya kipa akaivaa, kwa sababu hakutaka kumlazimisha mtu mwingine.

Basi nililopanda kurudi nyumbani lilipokuwa linaondoka Makambako, abiria wa mbele alisema tumefungwa tatu. Sikumwambia mimi ni nani.

Nyumbani nilikuta turubai limeshafungwa na wanawake wameketi kwenye mikeka. Mama alikuwa amefariki asubuhi, kabla dada hajashika simu. Kwa hesabu ya kapteni wa kwanza, ningecheza mpaka filimbi ya mwisho na nisingepoteza kitu. Timu ingebaki, na wenzangu wangebaki na kazi zao. Nililia kwa hilo pia, jamani, si kwa mama peke yake.

Siku ya mazishi timu ilikuja yote. Wengine walinipa mkono huku wanatazama pembeni. Kapteni wa zamani alilia kwa sauti, kisha akaenda kuwasaidia wachimba kaburi. Rafiki yangu alikaa karibu nami. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa mipira aliyoidaka vibaya. Aliniuliza kama nilimkuta mama. Nilitamani kumdanganya, angalau apate kitu badala ya kile tulichopoteza. Nilishindwa.

"Sikumkuta. Alishakufa tangu asubuhi. Tumeshuka daraja bure."

Alivipapasa vile vidole.

"Wewe ulikuwa njiani unamfuata," alisema. "Mimi nilikuwa nacheza ngoma."