Nilivyoenda mpaka Chiungutwa kununua robo ya sukari ili nisionekane, nikamkuta jirani yangu kwenye foleni

Wakuu, salaam zenu wote, mliokula na mnaosubiri kuiva.

Nimesoma stori za watu humu miaka, leo na mimi nakaa kitini. Chumvi sijaongeza hata punje. Wana Newala mkilitambua duka, mnaweza kunitambua na mimi, basi nihifadhini.

Ni zile wiki za mwanzo za korona.

Mimi ni mwalimu wa shule ya binafsi, Newala mjini. Na nijisifu kidogo: nina sauti. Nikiita jina la mtoto pale paredi, mama yake aliyeko sokoni anageuka. Mtaani hawanitaji jina, ni Mwalimu tu.

Shule zikafungwa. Mwenye shule akatuita, akatuomba kwa upole tuvumilie, mshahara utakuja hali ikitengemaa. Tukavumilia, tungefanyaje.

Nyumbani mke wangu, Mama Neema, ndiyo kwanza amejifungua mtoto wetu wa pili. Mnajua mama mzazi anavyotakiwa kushindiliwa uji, tena uji wenye sukari, ili maziwa yatoke. Kwa hiyo kwangu sukari haikuwa mambo ya anasa. Kilikuwa chakula cha mtoto mchanga.

Duka letu pale mtaani ni la Mama Asha. Mama mmoja shupavu, hana mzaha. Lilipotoka tangazo la kunawa na kutobanana, hakungoja kuambiwa mara mbili. Akaweka ndoo ya koki nje na sabuni juu yake.

Nyie wa mikoa yenye mito hamtaelewa. Newala maji tunanunua kwa dumu. Kuweka ndoo nje kila mpita njia anawe ni moyo wa pekee. Ila jicho lake lilikuwa hapo hapo. Ukiiacha koki inamwagika, au ukinawa halafu ukaondoka bila kununua, unasemwa kwa Kimakonde na Kiswahili kwa pamoja.

Kisha akafunga kamba.

Kamba ya katani, nguzo hadi nguzo, mbali na kaunta. Mteja unasimama nyuma yake, unataja unachotaka, unawekewa mezani. Nyuma yako foleni, kila mtu ndani ya duara lake lililochorwa chini kwa majivu. Na watoto marufuku kufika dukani, wabaki majumbani.

Kwa afya ilikuwa safi kabisa, nampa hongera mpaka leo. Lakini balaa ndipo lilipoanzia.

Jiulizeni, kabla ya korona nani alijua mwenzake ananunua nini? Siku ukiwa vibaya unamtuma mtoto, "nenda kamwambie Mama Asha robo." Au unaenda mwenyewe, unaegemea kaunta, unanong'ona. Heshima yako inabaki palepale.

Sasa kamba inakutaka upaze sauti. Na barakoa mdomoni. Na Mama Asha sikio lake moja zito. Unataja, anauliza, "Ngapi?" Unarudia, na foleni nzima inasikia, wakiwemo wazazi wa wanafunzi wako.

Mara ya kwanza nilikuwa nimekwenda na nia ya robo. Nikageuka nyuma, nikaona wazazi wawili wa darasa langu. Mdomo wenyewe ukasema kilo mbili.

Nikaondoka kifua mbele, mfukoni hamna kitu. Dah.

Hiyo nayo ikaisha. Tena sukari yenyewe ilikuwa imeanza kuadimika. Nikawasha pikipiki, nikamuaga Mama Neema kwamba naenda kuangalia mikorosho yetu upande wa Chiungutwa. Mikorosho kweli tunayo huko, ya urithi, kwa hiyo sikudanganya sana. Ila safari ilikuwa ya duka la kule, ambako hakuna anayenijua.

Ni mbali wakuu. Ukijumlisha na petroli, ile robo ilikuwa ghali kuliko asali. Lakini mtu anayekimbia aibu hapigi hesabu, hata awe anafundisha hesabu kama mimi.

Nafika, kumbe na kule kamba imeshafika! Haya, nikajipanga, barakoa juu, kofia chini.

Mbele yangu kuna mzee mmoja, koti zito, kikapu mkononi. Zamu yake ikafika. Akakohoa kidogo, akasema taratibu:

"Robo ya sukari, mwanangu. Na majani, yale ya pakiti ndogo."

Aisee, ile sauti naijua!

Ni Baba Salma. Jirani yangu wa Newala, ukuta kwa ukuta, mwenye gesti. Huyu mzee kila asubuhi alikuwa ananitania juu ya ukuta, eti Mwalimu chai tayari, sisi huku tumeshamaliza na maandazi. Gesti haina mgeni hata wa kusingizia, lakini ukimuuliza biashara anakwambia inakwenda. Na mimi nikiulizwa shule, nasema tunajipanga tu. Tulikuwa tunadanganyana kwa furaha kabisa.

Akachukua vitu vyake, akageuka. Macho yetu yakagongana juu ya barakoa.

Hapa mnielewe vizuri. Huku kwetu hupishani na mtu wa umri wa baba yako bila kumwamkia. Hata kama mna ugomvi, shikamoo inatoka kwanza, mengine yatafuata. Lakini nikifungua mdomo tu, kwa sauti hii niliyonayo, anajua ni mimi na anajua nimemsikia.

Nikaimeza. Nilimeza shikamoo ya mzee wangu, wakuu, ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Naye akatazama kikapu chake, akanipita kama anapita mti.

Robo yangu nikainunua kwa ishara za vidole, kama bubu. Njia nzima ya kurudi niliumia. Mzee yule amenilelea Neema kama mjukuu wake, halafu leo tumekutana ugenini tukakanana kwa sababu ya sukari.

Baada ya hapo ukuta wetu ukanyamaza. Hakuna chai tayari, hakuna maandazi. Nikisikia mlango wake unafunguka, narudi ndani. Nadhani na yeye alikuwa anafanya hivyo hivyo.

Robo haikai. Ikaisha, na pikipiki nayo haina mafuta. Mama Neema akaanza kunywa uji wa chumvi. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Asubuhi moja mtoto analia, ananyonya, anaachia, analia tena. Mke wangu akanitazama akasema kwa utulivu kabisa:

"Baba Neema, mimi sinywi heshima yako. Nenda kwa Mama Asha."

Nikachukua kikapu, nikaondoka hapo hapo.

Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu, mzigo wa sukari umeingia. Nimenawa, nimekaa kwenye duara langu, nasikia mtu ananawa nyuma yangu na kakikohozi kale. Nageuka, Baba Salma. Aliponiona alitaka kurudi, namjua. Lakini ameshanawa, maji ya Mama Asha yameshamwagika, angeondokaje? Akaingia kwenye duara la nyuma yangu, akawa anaangalia mawingu.

Zamu yangu ikafika. Mbele yangu kamba, nyuma yangu mtaa mzima. Nikavuta pumzi, nikatoa ile sauti ya paredi:

"Mama Asha, robo ya sukari! Nyumbani kuna mzazi anataka uji."

Kwa mara ya kwanza Mama Asha hakuuliza ngapi.

Nikaona nimeshavuka, nimalize kabisa. Nikageuka nyuma.

"Shikamoo, Baba Salma. Na ile ya Chiungutwa uipokee leo."

Machozi yakamlengalenga, nayaona juu ya barakoa.

"Marahaba, mwanangu. Zote mbili."

Halafu akapaza sauti hadi kaunta: "Mama Asha, na mimi robo. Gesti haina watu."

Nyuma yake kuna mama mmoja mwenye kikapu kikubwa, mumewe ana mikorosho huwezi kuimaliza kwa macho. Naye akasema robo. Aliyefuata, robo. Mama Asha akaweka mizani chini, akashika kiuno. Akasema kumbe mnanitesa bure, mchana mnaniagizia kilo mbele za watu, jioni mnanijia mlango wa nyuma kunirudishia nusu niwape unga! Foleni nzima ikacheka, kila mtu kwenye duara lake.

Siku ile alikaa akifungua pakiti za kilo, anapima robo robo.

Asubuhi yake nikasikia ukutani, "Mwalimu, chai tayari?" Nikamjibu tayari, na leo haina maandazi. Akasema hata yake haina.

Nilichojifunza ni hiki: shida uliyoificha wewe, jirani naye anayo, ameificha ukuta wa pili. Mmoja akiitaja, wengine wanapumua. Na shikamoo ya mtu usikae nayo, itoe.

Yule mtoto wa uji sasa ni msichana wa shule, na sauti yangu kairithi yote. Nikimtuma kwa Mama Asha namsikia nikiwa nyumbani kabisa, "Baba amesema robo!" Baba Salma anacheka kule upande wa pili, na mimi nacheka.

Haya wakuu, uwanja wenu. Wewe robo yako ulikwenda kuinunulia wapi?