Nilichagua Jumamosi Nikijua Barasa Hatakuja

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, lakini kisa usikipunguze. Mimi ni mzee wa miaka themanini na mitatu, mwalimu mstaafu, naishi karibu na Malaba. Wengi mnaosoma hapa ni wa umri wa wajukuu wangu, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Miaka ya sabini tulijenga shule ya sekondari kwa harambee, chini ya kanisa letu. Matofali tulichoma wenyewe. Tanuri likishawashwa haliachwi. Lazima mtu achochee kuni mchana kutwa, hata Jumapili. Mtu huyo alikuwa jirani yangu, nitamwita Barasa. Alikuwa Msabato, siku yake ya ibada ni Jumamosi. Tukielekea misa alitutania: "Nendeni mkaimbe. Mungu akiuliza Barasa yuko wapi, mwambieni tulionana jana!"

Shule ikapata sifa, watoto wakawa wengi kuliko viti. Padri akataka nafasi za kidato cha kwanza wapewe kwanza wenye barua ya kanisa letu. Afisa wa elimu akasema sawa, lakini wananchi waitwe watoe maoni. Mimi nilikuwa katibu wa kamati.

"Mwalimu, tuwaite siku gani?" padri akaniuliza.

"Jumamosi, saa nne."

Hakuna aliyenilazimisha. Mwanangu alikuwa na alama hafifu, na Nekesa, binti wa Barasa, alikuwa wa kwanza darasani mwao. Nilijua Wasabato wote watakuwa ibadani. Mikono ikainuliwa, hakuna aliyepinga, nami nikaandika kwa hati nzuri: wananchi wamekubali kwa kauli moja.

Kesho yake Barasa alinisubiri nje ya kanisa, kofia mkononi.

"Mwalimu, kweli mmekutana Jumamosi?"

"Tangazo lilibandikwa, ndugu yangu."

"Nililiona. Nikadhani padri hajui ni siku yetu ya ibada. Wewe hukumwambia?"

"Nilimwambia," nikasema. "Alikataa."

Akatikisa kichwa. "Wakati wa kuchoma matofali hakuna aliyeuliza nasali siku gani."

Mwanangu aliingia shule, akaiacha kidato cha pili. Nekesa alikosa karo ya shule ya mbali, akaolewa akiwa na miaka kumi na saba. Mpaka leo anauza dagaa wa omena soko la Busia. Barasa hakukanyaga tena kiwanja cha shule. Lakini mimi aliniheshimu miaka yote. Kila mavuno aliniletea mtama, akiwaambia watu kwamba nilimtetea peke yangu. Chuki yake ningeivumilia. Shukrani yake ndiyo iliyonila.

Wiki iliyopita Barasa alifariki. Nekesa alikuja kwangu akilia. "Mzee, wewe ndiye uliyemsimamia baba. Utuzungumzie kaburini, watu wajue aliijenga ile shule." Wamepanga maziko Jumapili alasiri, ili sisi tutoke misa kwanza.

Mke wangu anasema, "Nyamaza, mzee. Kusema leo hakutamrudisha Nekesa darasani." Huenda ni kweli. Lakini nikinyamaza, nitasifiwa mbele ya jeneza la mtu niliyemfungia mlango. Nikisema, nitamnyang'anya Nekesa rafiki wa baba yake siku ileile anapomzika baba.

Wanangu, siku zimebaki tatu. Nishaurini: nikipewa kile kipaza sauti, niseme nini?