Kiwiko cha Mpokea Wageni

Yule mwanamke anayepokea wageni kwenye maonyesho ya mazulia yetu ya Kiamazighi, hapa Azrou, mji wa milimani nchini Moroko, huvua bangili zake za fedha kabla ya kumkaribia mgeni asiyeona, asije akamkwaruza. Hujitaja kwanza, kwa sauti ya chini, kisha hutoa kiwiko na kusubiri. Hamshiki mtu mkono. Anayekuja na kiti cha magurudumu hukuta zulia limeshushwa ukutani, limelazwa usawa wa magoti yake. Kila nikimtazama roho inaniuma, maana Tuda, mdogo wangu asiyeona, hutembea naye akicheka, na mimi niliyemwongoza tangu utotoni nafuata nyuma na mikoba.

Juzi yule mwanamke alimfunika Tuda mapajani zulia alilofuma marehemu mama, upande wa manyoya ukigusa mwili, kama tunavyojifunika wakati wa theluji. Nikadakia, "Ni jekundu, Tuda, lina..."

"Dada, hebu nyamaza kidogo." Vidole vyake vilikuwa vinapita juu ya mafundo. "Hapa mama alikuwa amechoka. Kakaza nusunusu."

Yule mwanamke alimsogezea tu ukingo wa zulia karibu na vidole. Hilo ndilo lililonichoma.

Wakati wa kutoka nikavua bangili zangu, nikatoa kiwiko, nikasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi, dada yako."

Tuda akakipapasa. "Umejitahidi," akasema. "Sasa usinivute."