Imekaza, Haikukazwa: Fundi wa Spesa na Shemeji Asiyetoka Chumbani

Fundi amepiga magoti mbele ya gari la kijani aina ya jipu lililonyanyuliwa kwa jeki. Gurudumu limetolewa, na kitovu chake, ambacho mafundi hukiita habu, kiko wazi. Anakisugua kwa brashi ya waya. Vumbi la kutu linamwingia puani, anapiga chafya, anajifuta kwa mkono wa ovaroli na kuendelea.

Mwenye gari, kijana anayezungusha funguo kidoleni, amechoka kusubiri.

"Mzee, nimelileta lifungwe spesa. Sikulileta kuogeshwa."

"Habu ikiwa chafu spesa hailali vizuri, kijana wangu."

"Fundi wa ng'ambo ya barabara kaniambia dakika chache tu."

"Mpelekee. Akimaliza, umwambie apande akusindikize makorongoni."

Kicheko kinaruka ukuta wa mabati kutoka gereji ya jirani. "Mzee Brashi! Leo unasugua au unachumbia?"

Mzee Brashi ndilo jina alilopewa baada ya ajali ya gari lililofungwa spesa hapa gerejini. Anaendelea kusugua.

Spesa ni bamba nene la duara linalowekwa kati ya habu na rimu ili tairi litokeze nje na gari lipanue miguu. Wenye magari ya njia mbovu wanazipenda. Spesa hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha gurudumu hufungwa juu yake. Hapo nati za ndani zimeshafunikwa, na mtu akitaka kujua zikoje lazima avue gurudumu upya.

Kwa miaka mingi kazi hiyo aliifanya pamoja na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Mmoja akishika jeki, mwingine tayari ana spana. Walitaniana mchana kutwa, kama mashemeji wanavyotaniana.

"Alikuwa ananiambia dada yake alipotea njia ndiyo akaniona," anasema fundi. Anatabasamu kidogo, kisha tabasamu linaondoka.

Siku ya ajali, mteja alikuwa na haraka ya kwenda machimbo ya mawe. Shemeji alikuwa anafunga spesa za nyuma. Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari jingine, oili ikimchuruzikia begani. Akapaza sauti: "Shemeji, imekazwa?"

Shemeji akajibu: "Imekaza!"

Fundi akaridhika. Gurudumu likarudishwa. Shemeji akapanda na mteja ili wakalijaribu gari njiani.

Kwenye mteremko wa machimbo, gurudumu la nyuma lilichomoka na spesa yake. Gari likalala ubavu. Mteja alitoka na michubuko. Shemeji alibanwa na mlango, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

"Boliti zilikuwa na kutu," fundi anaeleza, akizungusha nati kwa vidole ili ionekane. "Nati inauma ile kutu kabla haijafika kwenye spesa. Spana inagoma, mkono unadhani kazi imekwisha, kumbe spesa ina nafasi ya kucheza. Yeye aliposema imekaza, ni kweli ilikuwa imekaza. Imegoma pale ilipo. Mimi niliuliza kama imekazwa. Sikumsikia vizuri, au nilisikia nilichotaka kusikia."

Shemeji anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa dada yake, katika chumba ambacho pazia lake halifunguliwi. Tangu arudi kutoka hospitali hajavuka kizingiti ila kwenda kliniki. Magongo yameegemezwa nyuma ya mlango, nguo zimetundikwa juu yake.

"Mkubwa wa kazi alikuwa nani?" anauliza, macho ukutani. "Aliniuliza nikajibu. Sikumdanganya. Alishindwa nini kutoka huko chini akaja kutazama? Sasa anasugua. Asugue mpaka habu iishe, mguu wangu utaota?"

Mke wa fundi ndiye anayepita katikati. Kila jioni humpelekea mdogo wake chakula.

"Nikimtetea mume wangu, mdogo wangu anageukia ukutani. Nikimtetea mdogo wangu, mume wangu halali," anasema huku akikunja kanga mapajani. "Mama yetu aliniachia huyu akiwa hajajua kufunga kamba za viatu. Leo nimfungie kiatu kipi?"

Gereji nayo imenyauka. Zamani walifunga spesa magari manne au matano kwa wiki. Siku hizi likija moja ni sherehe. Fundi anakataa spesa ambayo tundu lake halishiki habu sawasawa. Anakaza nati kwa kukingamisha, moja kisha ile inayoelekeana nayo, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Gari likishatembea kidogo anataka lirudi avue magurudumu akaze tena, na wateja wengi hawarudi.

Pembeni ya gereji amechomelea kiti kirefu na meza ya kukagulia boliti, kazi ya macho na mikono. Alimtumia shemeji ujumbe kwamba kiti ni chake. Jibu lililetwa na mkewe, pamoja na sahani iliyorudi imejaa: "Mwambie akikalie mwenyewe. Yeye ndiye aliyelala chini siku ile."

Kijana wa jipu ameondoka na gari lake bila kufungiwa spesa. Ziko kwenye boksi la pikipiki ya rafiki yake aliyemfuata, zinapelekwa kwa yule fundi wa ng'ambo. Fundi anamtazama mpaka anapokata kona.

Akiulizwa anatarajia nini kwa shemeji yake, anaiweka brashi chini.

"Msamaha sijauomba," anasema. "Ninachotaka ni aje hapa anitukane. Asimame mlangoni na magongo yake, anitukane mbele ya wateja, na majirani wasikie mpaka koo limkauke. Maana akija kunitukana, atakuwa ametoka kwenye kile chumba."