Kichwa cha Tewa cha Mzee Bakari

Siku hizi nikipita mbele ya ile hoteli ya Diani nageuza uso upande wa pili, na nyinyi mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kugeuza uso. Aibu niliyoipata mle ndani, wallahi, simwombei hata adui yangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Nilianza kwa kusuka makuti pale Munje, nikaingia kwenye kuchimba mchanga, na leo malori mawili yanayopeleka mchanga na kokoto kwenye majengo ya Diani ni yangu (la tatu limo gereji, msilihesabu). Basi watu wa Kibuyuni walipotuma habari kwamba wanakuja kumposa binti yangu Zuhura, nikamwambia mke wangu safari hii hakuna kupuliza moto, nitawapeleka hoteli ya ufukweni, ile yenye bwawa la kuogelea, wajue wanaposa kwa nani.

"Baba Zuhura," akasema, "mgeni wa posa hulishwa nyumbani. Akila aujue mkono uliompikia."

"Utakaolipa ni mkono wangu. Huo nao si mkono?"

Akachukua ungo wake akaenda kupepeta mchele. Mke wangu akinipa mgongo huwa ameshamaliza kusema, lakini mimi nani aniambie?

Siku ilipofika walikuja hotelini washenga wawili: Mzee Bakari, baba mkubwa wa kijana, na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi hata ukiigusa utafikiri itakukata, na dada yake Bi Mwanahamisi, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Mimi niliketi na mke wangu, nimevaa suti (joto lile, suti!). Nikaagiza samaki tewa mzima, mkubwa kuliko wote waliokuwa nao, na wali wa nazi, tena kwa sauti ili meza za jirani zisikie. Dada aliyetuhudumia, mtu wa bara, akasema, "Sawa boss," akaenda zake.

Tukangoja. Tuliulizana hali, tukaulizana afya ya kila mtu wa Kibuyuni, watu wakaisha tukaanza kuulizana habari za mbuzi. Wakati wa alasiri ukaingia, Mzee Bakari akaenda kusali kwenye nyasi kando ya miavuli ya wazungu, akarudi, meza bado tupu. Na bei ya huyo tewa? Msiniulize, nitapata presha bure.

Mwishowe sahani zikaja. Kila mtu yake, kama wagonjwa wa hospitali. Katikati kipande cha samaki kama kibiriti, juu yake jani moja, pembeni mchuzi umedondoshwa matone matone, na wali umefinyangwa kama mtoto alikuwa akicheza na mchanga ufukweni. Tewa mzima huyo!

Sasa asiyejua kwetu na ajue. Mgeni akiandaliwa samaki, kichwa huwekwa mbele ya mkubwa wao. Ukimpa mshenga samaki asiye na kichwa umemwambia, bila kufungua mdomo, kwamba kinono kimebaki jikoni kwa wenye nyumba. Posa zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hilo.

Mzee Bakari akakigeuza kile kipande kwa kidole, akauliza kwa upole, "Huyu tewa kichwa alikisahau baharini?"

"Labda kina wenyewe, kaka," akasema Bi Mwanahamisi.

Damu ikanipanda. Nikamwita yule dada. "Kichwa kiko wapi?"

"Mzee, hiyo huwa tunatoa. Wageni hawapendi kuona macho."

"Kwani hawa niliokuja nao ni nani? Si wageni?"

"Nilimaanisha wageni wa hapa, mzee."

Wageni wa hapa! Watu wa Kibuyuni, kwao hapo karibu na Shimoni, wawe si wageni wa hapa? Nikainuka. Mke wangu akanishika koti, "Baba Zuhura, keti," nikamwachia koti mkononi, nikasukuma mlango wa jikoni.

Na mle jikoni, jamani, nikakuta chakula. Chakula cha kweli! Wapishi wameizunguka sufuria, tui zito la manjano linachemka, na kichwa cha tewa wangu kimelala humo kinanitazama. Wenyewe wanakula wanachokijua, sisi tunapewa majani!

"Hicho changu," nikasema.

"Boss, hiyo ni ya staff."

Nilitwaa kitambaa, nikainyakua sufuria, nikatoka nayo mbio kwa njia fupi, ya kando ya bwawa, huku nikiita, "Mzee Bakari, kichwa chako hiki!" Sakafu ilikuwa na maji (na mchanga wa sakafu ile nimeupeleka mimi!). Mguu ukaenda kwake, mimi nikaenda kwangu, na sufuria, na tui, na kichwa, sote tukaingia bwawani.

Nilipoibuka maji yalikuwa ya manjano, kichwa kinaelea macho juu, na mama mmoja wa kizungu anapanda ngazi akipiga mayowe kama ameona papa. Askari wawili wakanitoa kwa makwapa. Wazungu wakapiga picha.

Mzee Bakari alikuwa amesimama pembeni na viatu vyake mkononi. Chakula hakukionja hata punje. "Tumeshiba, bwana," akaniambia. "Dada, twende zetu."

Washenga walirudi, alhamdulillahi, ila si kwangu. Walikwenda Gazi kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, wakasema mjomba naye ni mzazi, na kwetu Wadigo huwezi kulibishia hilo. Shemeji hana hata baiskeli! Dada zake wakapika, mke wangu akapika, posa ikakubaliwa mkekani, ndipo nikaitwa. Nilipofika uani, shemeji akaniletea chai kwa mkono wake, akasema, "Karibu, mgeni wetu."

Mimi, mgeni, siku ya posa ya binti yangu mwenyewe.

Nimeapa: anayekuja kwangu, awe waziri, awe nani, atakula kilichopikwa na mke wangu. Hoteli nitaingia kwa mlango wa nyuma, nimwage mchanga, nilipwe, niondoke na njaa yangu.