Kihaya Ndani ya Daftari la Nahau

Mwalimu Consolata Kokwijuka alifungua lile daftari mbele ya darasa zima, akalifunga, akalifungua tena. Alikuwa amelitoa kwenye mkoba wa Esther, msichana mpole wa Kidato cha Nne, mtoto wa mjane, asiyewahi kuitwa ofisini hata siku moja. Upande wa kushoto wa kila ukurasa kulikuwa na nahau za Kiswahili. Upande wa kulia, mistari mpaka inabanana, Kihaya kitupu.

Sasa huyu mwalimu ni lazima umjue, ndipo uelewe kwa nini daftari tu lilimtia kiwewe. Miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule ya kata huko Muleba, upande wa Kamachumu, na miaka yote hiyo vita yake ilikuwa moja: Kihaya kiishie getini. Mwanafunzi akinaswa anakizungumza, anavalishwa kibao shingoni na kutembea nacho mpaka amnase mwenzake. Nahau alizifundisha kwa orodha, kumi kwa siku, maana upande wa pili, kariri, kesho uje uziseme. Hata nyumbani kwake Bakoba, mjini Bukoba, anakorudi kila Ijumaa kwa mumewe, watoto wake wawili hawakufundishwa neno moja la Kihaya. Hilo alilitangaza kwa majigambo, kama mtu mwingine anavyotangaza kiwanja.

Na matunda ya vita hiyo? Aibu tupu, tuseme ukweli. Watoto walikariri mpaka macho yakawatoka, halafu siku ya jaribio mmoja anakuandikia kwamba shangazi yake alivunjika moyo akafungwa plasta. Consolata alichukua kalamu nyekundu, akakata, na wiki iliyofuata akaongeza nahau zikawa kumi na tano kwa siku. Hakuwa mtu wa kurudi nyuma, mama huyu.

Ndipo likaja jaribio la mwezi huu. Wanafunzi arobaini na mmoja, na thelathini na wanane wamepata nahau zote. Si maana tu, bali hata sentensi walizotunga zilikuwa na watu ndani yake, watu wanaopumua. Mwalimu mwingine angecheza ngoma. Consolata alikaa na zile karatasi, akawaza jambo moja tu: wameuona mtihani. Aliutunga mwenyewe na kuufungia kwenye droo yake, kwa hiyo kuna mtu ameifungua. Asubuhi akaingia darasani bila salamu na kuanza kupekua mikoba, na katika mkoba wa nane akakuta daftari.

"Nani amekuandikia haya?" alimuuliza.

"Nimeandika mimi, Mwalimu."

"Nani amekupa maneno?"

Esther aliinamisha kichwa. "Nimeahidi kutosema, Mwalimu. Nisamehe."

Consolata akampeleka moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Mwalimu Kyaruzi, mtu wa maneno machache, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kamati ya nidhamu itakaa kesho. Binti akimtaja aliyempa maneno na ikajulikana mtihani haukuvuja, atarudi darasani. Asipomtaja, anafukuzwa. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki sita. Kwa mtoto wa mjane anayetembea saa nzima kuja shule, hiyo maana yake ni kurudi kushika jembe, basi. Esther alilia bila sauti. Jina hakulitoa.

Jioni ile Consolata aliketi kwenye nyumba yake ya mwalimu na lile daftari, akitafuta ushahidi wa kesho. Kukisoma Kihaya kulimtesa. Alikuwa hajakisoma tangu alipoacha kushika kitabu cha nyimbo cha kanisani kwao, akawa anatamka silabi moja moja kama mtoto wa chekechea. Alichokitarajia ni majibu ya kuibia, lakini alichokuta ni watu. Kila nahau ilikuwa na mtu wake. Kutia chumvi: yule fundi wa Izimbya aliyesema amejenga nyumba ya askofu, kumbe alijenga choo. Kula njama: wake wenza wawili waliomficha mume viatu ili asiende kuposa wa tatu. Consolata alijikuta anacheka, akakasirika kwa kucheka.

Halafu akafika kwenye kukata tamaa.

"Ni kama Rutaihwa," daftari lilisema, "mwaka ule ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye kibanja chake cha migomba. Aliikata yote kwa mkono wake, akaketi kwenye mlango wa banda la ng'ombe siku tatu, hata mwanawe alipomletea uji hakumjua."

Daftari lilimtoka mkononi. Rutaihwa alikuwa baba yake mzazi. Na mwana aliyepeleka uji ni yeye, Consolata, akiwa likizo ya chuo, na jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani, hata mume wake. Alimwambia mtu mmoja tu, siku ileile, jikoni. Alimwambia mama yake.

Mama yake, Ma Kokushubila, aliishi mwendo wa nusu saa kutoka shuleni, kwenye kibanja kilekile. Bibi wa miaka sabini na sita asiyejua Kiswahili zaidi ya "karibu" na "asante". Consolata alimpelekea sukari na sabuni kila mwisho wa mwezi, anaketi dakika kumi, anaondoka. Usiku ule usingizi haukumjia kabisa.

Kamati ilikaa saa tatu asubuhi: Kyaruzi, mwalimu wa nidhamu aitwaye Avit, na Consolata kama mlalamikaji. Esther alisimama karibu na mlango, macho yamevimba. Kyaruzi alimuuliza kwa mara ya mwisho nani alimpa maneno yale. Msichana akatikisa kichwa.

"Ni mama yangu," alisema Consolata.

Avit aligeuka akamtazama kama mtu aliyesikia paa linadondoka. Kyaruzi aliweka kalamu chini.

"Mama yako hajui Kiswahili," Kyaruzi alisema. "Nilikaa naye kwenye msiba wa baba yako. Tuliongea Kihaya siku nzima."

"Ndiyo hivyo. Na mimi nimemshtaki mtoto huyu bila kosa. Mtihani haukuvuja, mkuu. Wamejua tu."

Kyaruzi hakuwa mtu wa kuamini kirahisi. Alimgeukia Esther, akampa nahau ambayo haikuwa daftarini wala kwenye orodha yoyote ya Consolata. Kujikaza kisabuni. Esther alichezesha midomo kidogo, kisha akauliza kama nahau hiyo ni ya mtu anayejishikilia asianguke mbele za watu. Kyaruzi akamwambia aendelee.

"Basi ni mama yangu siku tulipomzika baba," alisema. "Aliwapikia wageni, akawasindikiza mpaka barabarani, akawaambia mkafike salama. Alijikaza kisabuni mbele yao. Aliporudi ndani ndipo nikamkuta sakafuni."

Avit alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Kyaruzi alichana karatasi ya mashtaka mara mbili, akamwambia Esther arudi darasani akasome, na akamwambia Consolata, kwa upole unaouma kuliko kelele, kwamba angependa kumwona huyo mwalimu wa Kiswahili asiyejua Kiswahili.

Consolata hata yeye alitaka kumwona. Kipindi cha mwisho kilipokwisha aliongozana na Esther, na njiani hawakusemezana. Ma Kokushubila alikuwa kibarazani anamenya ndizi, na alipowaona wawili pamoja, kisu kilisimama.

"Umesema?" alimuuliza Esther kwa Kihaya.

"Hakusema, waitu," Consolata alijibu, naye kwa Kihaya, hata neno la heshima akaliweka, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Alikubali afukuzwe, na hakusema. Mama, kwa nini mlinificha?"

"Watoto wangevalishwa kile kibao chako."

Esther ndiye aliyeeleza. Ilianza mwezi wa nane, mvua iliponyesha wakajibanza hapo wakikariri orodha. Bibi akauliza mnaimba nini. Wakamtafsiria neno kwa neno, akauliza, nani alifanya hivyo? Wakasema hakuna, ni nahau tu. Akakasirika, akasema hakuna maneno yasiyo na mtu, akawatafutia mtu. Baada ya hapo wakawa wanakuja kila siku, darasa karibu lote, kwa zamu ili wasishtukiwe.

"Na tulimlipa," alisema Esther. "Kila hadithi moja ya Kihaya, yeye alitaka sentensi moja ya Kiswahili. Alizirudia mpaka tukachoka. Alituapisha tusimwambie Mwalimu mpaka Bibi akiweze."

Consolata hakuelewa. "Mama, wewe Kiswahili cha nini? Nani anakusemesha Kiswahili hapa?"

Bibi alimenya ndizi nzima kabla ya kujibu.

"Krismasi uliniachia Nathanael," alisema kwa Kihaya. Nathanael ni kitinda mimba wa Consolata, ana miaka mitano. "Alilia kutwa. Alikuwa ananieleza, ananishika mkono ananieleza, na mimi sijui anasema nini. Nikampa ndizi, nikampa maziwa. Nikambeba mgongoni. Ulipokuja ukakuta sikio limejaa usaha, ukanigombeza mbele ya watoto, ukasema, Mama, kwani alikuwa hakwambii?"

Consolata alikumbuka. Alikumbuka maneno yenyewe, na jinsi alivyoyasema na kufunga mlango wa gari. Tangu siku hiyo watoto hakuwaleta tena. Machozi yakamshuka, na hakuyafuta.

Mama yake alijipangusa mikono kwenye kanga, akajiweka sawa kama mtu anayeitwa mbele ya darasa. Alimtazama Esther kwanza, Esther akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema kwa Kiswahili, pole pole, kila neno mahali pake, sauti ambayo Consolata hakuwahi kuisikia maishani mwake:

"Mwanangu, mlete Nathanael. Akiniambia panapomuuma, sasa nitajua."